Je, Wajua? Mnara Haujasogea, Ramani Imebadilika

Je, wajua kwamba mnara wa televisheni unaweza kubaki palepale, transmita ikasukuma wati zilezile, antena ya darini isiguswe na mtu, na bado familia ikalala inahesabiwa kuwa inapata chaneli, ikaamka inahesabiwa kuwa haipati? Kilichobadilika usiku huo ni programu ya kompyuta. Toleo jipya limewekwa, na ramani ya matangazo imechorwa upya!

Programu ninayoisema inaitwa TVStudy. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliitoa hadharani tarehe 4 Februari 2013, bure kabisa, anayetaka aipakue. Kazi yake ni kujibu maswali mawili tu: matangazo ya mnara huu yanafika wapi, na yanaharibu picha ya nani?

Sasa sikia inavyouliza. Inaikata nchi miraba midogo, kila upande kilomita 2, kisha inauliza mraba kwa mraba: hapa panashika au hapashiki? Marekani bara ingetoa miraba kama milioni 2. Chukua kipimo hichohicho uikate Tanzania, utapata miraba karibu 237,000. Ikate Kenya, utapata kama 145,000.

Sogea karibu tuutazame mraba mmoja. Mnara uko juu ya kilima, mraba wetu uko bondeni, na kati yao kuna kilima kingine. Programu inavuta mstari kutoka ncha ya mnara hadi bondeni, kisha inaikata ardhi kwa kufuata mstari huo kama unavyokata mkate, na kuutazama ubavu wa kipande: mteremko, korongo, mwinuko, kilele, mteremko tena. Inapima kilele kimeziba kiasi gani. Halafu inapima kitu kitamu zaidi: wimbi litainama kiasi gani likishavuka kilele. Ndiyo, mawimbi huinama yakipita ukingoni! Ndiyo maana nyumba iliyojificha nyuma ya kilima wakati mwingine hushika chaneli, na majirani hubaki wakishangaa.

Unajua wimbi lenyewe lina urefu gani? Kwenye masafa ya megahezi 600, kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine ni nusu mita. Ni kama hatua ya mtoto mdogo, na zinapita hatua milioni 600 kila sekunde.

Na hii je? Programu hizi huihesabu dunia kama vile ni kubwa kuliko ilivyo! Nusu kipenyo cha dunia ni kama kilomita 6,370, lakini katika hesabu huzidishwa kwa nne ya tatu na kuwa karibu kilomita 8,500. Hewa huyapinda mawimbi kidogo kuelekea chini, kwa hiyo yanaona mbali kuliko jicho lako. Mainjinia wakaona ni rahisi zaidi kuinyoosha dunia kuliko kulipinda wimbi.

Je, wajua moyo wa TVStudy ulizaliwa mwaka 1968? Waliouzaa ni Anita Longley na Phil Rice, huko Boulder, Colorado, katika maabara ya serikali. Enzi hizo hesabu ziliingizwa kwenye kompyuta kwa kadi zilizotobolewa matundu. Mbinu yao bado inaitwa Longley-Rice hadi leo, na jina la mama huyo ndilo linalotangulia.

Mbinu hiyo inafanya kazi kuanzia megahezi 20 hadi gigahezi 20, na kwa umbali wa kuanzia kilomita 1 hadi 2,000. Kilomita 2,000! Hakuna mnara wa televisheni unaoota kufika huko.

Kabla ya hapo mambo yalikuwaje? Kalamu, rula na michoro. Ulichora mistari 8 kutoka kwenye mnara, ukatafuta wastani wa kimo cha ardhi kati ya kilomita 3.2 na 16.1 kwenye kila mstari, ukasoma jibu kwenye mchoro. Michoro hiyo ilikuwa na upungufu wake, na siku moja ukaonekana kwa kishindo: tarehe 30 Septemba 1948 FCC ilisimamisha leseni zote mpya za televisheni, kwa sababu vituo vilikuwa vinaingiliana umbali ambao hakuna aliyeutarajia. Ilisemekana ni kwa miezi michache tu. Ilichukua hadi Aprili 1952!

Turudi kwenye matoleo mapya. Programu ya FCC iliyotangulia TVStudy iliandikwa kwa Fortran, lugha ya kompyuta iliyotoka mwaka 1957. Ilifanya kazi yake kwa uaminifu miaka mingi. Lakini ilikuwa na tabia moja itakayokushangaza: kwenye milima mikali, hesabu ilipovurugika na kompyuta ikainua bendera ya kusema jibu hili silitegemei, utaratibu ulikuwa kuuhesabu mraba huo kuwa unapata matangazo. Yaani, penye shaka, panashika!

Toleo jipya lilileta pia watu wapya. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 281,421,906, na ile ya 2010 ikahesabu 308,745,538. Badilisha faili moja tu la sensa, na papo hapo watu zaidi ya milioni 27 wanajitokeza kwenye ramani, wengi wao katika vitongoji ambavyo sensa ya nyuma ilivikuta mashamba. Sensa hiyo ya 2010 iliigawa nchi vipande vidogo zaidi ya milioni 11, ili programu ijue watu wanaishi kona gani hasa ya mraba.

Halafu ardhi yenyewe. Digrii moja ya latitudo ina dakika 60, kila dakika ina sekunde 60. Sekunde moja ya namna hiyo juu ya ardhi ni kama mita 30. Toleo jipya lilisoma vimo vya ardhi kila baada ya sekunde 1, pale ambapo zamani ilikuwa sekunde 3. Fikiria kilele chembamba kilichokuwa kimejificha kati ya pointi mbili zilizoachana mita 90: sasa kimeonekana, na mraba ulio nyuma yake umegeuka kutoka kijani cha kushika kuwa mwekundu wa kutoshika. Kilima hakijaota usiku. Kilikuwepo tangu zamani, macho ya programu ndiyo yaliyokuwa hayakioni.

Vimo hivyo vinatoka wapi, unauliza? Kwa sehemu kubwa ya dunia vilipimwa kutoka angani. Tarehe 11 Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilipaa na watu 6, kikachomoza mlingoti wenye urefu wa mita 60, na kwa siku 11 kikaipiga dunia rada. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi kavu yote ilipimwa kwa safari hiyo moja!

Lakini shikilia hapo, maana hapa ndipo hadithi inapotugusa. Kwa miaka mingi Wamarekani walipewa vipimo vya mita 30, na sisi wengine duniani tukapewa vya mita 90. Mwezi Septemba 2014 pazia lilifunguliwa, na bara la kwanza kupata vipimo vya mita 30 lilikuwa Afrika. Ndiyo, sisi wa kwanza! Mahesabu ya Usambara, Uluguru na Aberdare yakapata macho makali kwa mkupuo mmoja.

Nilifurahi kupita kiasi nilipoyafungua mafaili hayo kwa mara ya kwanza. Kila faili ni digrii moja kwa digrii moja, na jina lake ni kona ya kusini-magharibi. Dar es Salaam imo ndani ya S07E039. Nairobi imo ndani ya S02E036. Ndani hakuna picha wala maneno, ni vimo vitupu: mistari 3,601, kila mstari namba 3,601. Zidisha mwenyewe: pointi 12,967,201 kwa faili moja! Faili la zamani la mita 90 lilikuwa na pointi 1,442,401 tu.

Na ukikutana na namba -32768 humo ndani, usiogope. Ni alama ya kwamba rada haikuona kitu hapo, pengine ukuta wa korongo uliifanyia kivuli. Programu ambayo haijaambiwa hivyo itaamini kwamba umefika kwenye shimo la kilomita 32 kwenda chini! Nusu ya kazi ya toleo jipya la programu yoyote ya ramani ni kuziba mashimo ya namna hiyo.

Je, wajua programu inakufikiria wewe ni mtazamaji wa namna gani? Inadhani antena yako iko mita 10 kutoka ardhini, imeelekezwa barabara kwenye mnara. Sasa mfikirie mwenye antena ya ndani aliyoiweka juu ya kabati. Kompyuta haimjui huyo.

Na rangi ya kijani haimaanishi kila nyumba. Kipimo cha Marekani kinataka matangazo yafike kwenye nusu ya sehemu za eneo husika, kwa asilimia 90 ya muda. Nyumba mbili zilizopakana, moja inashika na nyingine haishiki, na ramani bado iko sawa kabisa!

Hii itakufanya uweke kikombe chini. Kituo cha UHF cha Marekani kinaruhusiwa kurusha kwa nguvu ya hadi kilowati 1,000, yaani wati milioni moja. Nguvu ndogo kabisa ambayo televisheni ya dijitali huihitaji ili ioneshe picha ni kama sehemu 4 za trilioni za wati moja. Milioni pale kwenye mnara, trilioni chini ya desimali hapa kwako, na picha inakuja safi!

Enzi za analojia picha ilikufa polepole. Nakumbuka kaka yangu juu ya bati akizungusha antena, nasi chini tukipiga kelele: imekuja, imeondoka, rudisha kidogo, hapo hapo! Chenga zilituonya mapema. Dijitali haionyi. Punguza nguvu kama moja ya tano tu pale ukingoni, na picha safi inageuka kioo cheusi. Kwa sababu hiyo kosa dogo la hesabu, ambalo zamani lingekuletea chenga kidogo, leo linakuondolea chaneli nzima.

Basi haishangazi kwamba toleo jipya la programu lilifika mahakamani. Umesikia vizuri! Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwezi Februari 2012 likiagiza kwamba, vituo vitakapohamishwa masafa, juhudi zote zinazofaa zifanywe kulinda eneo na idadi ya watazamaji wa kila kituo, kwa kufuata mbinu iliyoelezwa katika Waraka namba 69 wa wahandisi wa FCC. Chama cha Kitaifa cha Watangazaji kikasema: mnabadilisha programu na takwimu katikati ya mchezo. FCC ikajibu: mbinu ni ileile, kilichobadilika ni chombo cha kupigia hesabu. Tarehe 12 Juni 2015 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikaipa ushindi FCC.

Unaona uzito wake? Ukikata tarakimu za mwisho za longitudo kwa namna tofauti, ukichukua sensa mpya badala ya ya zamani, kuna kituo kinachoongezewa watazamaji na kingine kinachopungukiwa. Na hapo watazamaji walikuwa wanakaribia kugeuka pesa.

Pesa kiasi gani? Mnada wa kuchukua masafa ya vituo vya televisheni na kuyauzia kampuni za simu ulianza tarehe 29 Machi 2016, na kampuni hizo zilimaliza kutaja bei tarehe 30 Machi 2017. Jumla ilifika dola bilioni 19.8! Vituo 175 vililipwa zaidi ya dola bilioni 10, na kimoja cha eneo la Chicago kilichukua peke yake dola milioni 304. Malipo ya kuachia tu masafa.

Na kati ya kampuni za simu, T-Mobile ilijitolea kulipa karibu dola bilioni 8 peke yake.

Vituo vilivyobaki ilibidi visongezane, kama abiria wanavyosogezwa ndani ya daladala. Vituo 987 vilipewa chaneli mpya, kwa awamu 10, na kazi ikakamilika Julai 2020. Chaneli 38 hadi 51 ziliondoka kabisa kwenye televisheni. Chaneli 14, kila moja megahezi 6: hizo ndizo megahezi 84 zilizopatikana.

Moja pale mpakani haikuguswa: chaneli ya 37. Hiyo imeachiwa wanaastronomia, wasikilize mawimbi ya nyota. Katika mafuriko yale yote ya mabilioni, kimya chake kililindwa. Mimi naipenda sana hiyo.

Je, wajua TVStudy ndiyo iliyoandika masharti ya kusongezana huko? Kituo hiki kikikaa 30, kile kisikae 30. Huyu akiwa 24, yule asiwe 25. Masharti ya namna hiyo yalizidi milioni 2.5, kwa vituo karibu 3,000 vya Marekani na Kanada! Jaribu kupanga wageni wa harusi kwa masharti hayo.

Jibu la kila hatua ya mnada lilitafutwa na programu nyingine, SATFC, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha British Columbia. Ilifumbua mafumbo zaidi ya 95 kati ya kila 100 ndani ya dakika moja. Mwanauchumi aliyeongoza kuubuni mnada huo, Paul Milgrom, alipata Nobeli ya Uchumi mwaka 2020 pamoja na mwalimu wake Robert Wilson.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 2006 nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilikutana Geneva kwa majuma matano kugawana chaneli za dijitali. Kompyuta za mkutano hazikutosha, zikaombwa nyingine za kusaidia. Unajua kwa nani? Kwa CERN, wale wanaogonganisha chembe ndogo kuliko atomu! Mtandao wa kompyuta za fizikia ukakesha ukihesabu nani ataingiliana na nani, na chaneli za Mombasa na Mwanza zimo katika mpango uliotoka hapo.

Mkutano huohuo ndio ulioweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kinga kwa analojia. Dar es Salaam haikungoja: ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, miaka miwili na nusu kabla. Kenya ilizima mwaka 2015, baada ya mvutano mkali mahakamani. Na maneno kama king'amuzi yakaingia kila sebule.

Kuna mahali duniani ambapo programu hizi hutokwa jasho: juu ya maji ya Ghuba, kuelekea Oman. Hewa kavu ya moto hulalia juu ya hewa yenye unyevu wa bahari, na katikati panatokea kitu kama bomba. Wimbi likiingia humo halitoki, husafiri mamia ya kilomita, na chaneli ya ng'ambo hutokea sebuleni bila hodi. Ndiyo maana mpango wa Geneva uliyapa maji hayo hesabu yake ya peke yake.

Na nafasi tupu kati ya chaneli? Hizo nazo huonekana kwenye ramani hizohizo. Mwaka 2013, Nanyuki, Laikipia, mradi wa Mawingu uliwapelekea watu intaneti kwa kutumia masafa ya televisheni yaliyokuwa yamelala. Mawimbi yaliyozoea kubeba tamthilia yakabeba masomo ya shule!

Nawe usidhani haya ni ya wakubwa tu. Ipo SPLAT!, ya John Magliacane, na ipo Radio Mobile, ya Roger Coudé. Wote wawili ni wapenzi wa redio za mawasiliano, na programu zao ni za bure, zote zikitumia hesabu ileile ya mama Longley na mwenzake. Pakua moja usiku wa leo. Chagua mnara unaouona kutoka dirishani kwako, andika kimo chake, andika wati zake, na uitazame ardhi ya kwenu ikijipaka rangi.

Ukishazoea, ipe faili la S04E037. Ni baiti 25,934,402 tu, linaenea kwenye simu yoyote. Panda nalo mstari kwa mstari kutoka kusini na uone namba zikipanda: mia tisa, elfu moja na mia nne, elfu tatu, elfu nne na mia saba, elfu tano na mia nane. Umefika Kilimanjaro!